Usisaini Kabla Hujapiga Hesabu

Morogoro,
5 Septemba 2023

Mpwa wangu,

Hapa nyumbani wote wanakupa pole. Mama yako alinipigia juzi usiku akiwa na uchungu kuliko wewe mwenyewe. Nilimwambia apumzike, tutalishughulikia. Jana nimezipokea picha ulizonitumia: barua ya kuachishwa kazi ya tarehe 31 Agosti, hati zako za mshahara, kurasa za mkataba, na ile karatasi ya mwisho yenye mstari wa kusaini. Nimezikuza moja moja kwenye simu na kuzisoma kwa utulivu. Nashukuru sana kwamba ile ya mwisho hujaisaini.

Karatasi hiyo inasema utapokea shilingi 2,400,000 zikiwa malipo yako yote ya mwisho, na kwamba ukishazipokea huna dai lolote tena kwa mwajiri. Hakuna mahali panapoonyesha fedha hizo zimepatikanaje. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia, maana hesabu ya kusikia kwenye simu husahaulika, na ukiingia ofisi ya watu nataka uingie na kitu mkononi.

Unajua kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekaa ofisi ya mishahara ya kiwanda cha nguo. Nimeona wafanyakazi wakipunguzwa, nami nikiwa upande ule wa meza unaoandaa karatasi. Mtu aliyeachishwa kazi huingia na swali moja tu, "Nitapata ngapi?" Akitajiwa fungu moja kubwa, hasa akiwa na kodi ya nyumba inayomsubiri, hukosa la kuuliza. Lakini malipo ya mwisho ni madeni kadhaa yaliyokusanyika siku moja, na kila deni lina chanzo chake na namna yake ya kuhesabiwa. Yakishafungwa katika tarakimu moja, huwezi kujua lipi limelipwa na lipi limeachwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari, tukae.

Kwanza andika tarehe mbili. Uliajiriwa tarehe 1 Machi 2016, na ajira imekoma 31 Agosti 2023. Hiyo ni miaka 7 kamili na miezi 6. Kumbuka neno kamili, tutalirudia.

Kisha andika mishahara miwili, maana unayo miwili ingawa unapokea mmoja. Mshahara wako wa msingi ni 650,000. Ukiongeza posho ya nyumba 100,000 na ya usafiri 50,000, ujira wako kwa mwezi ni 800,000. Baadhi ya malipo ya mwisho huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, na mengine kwa ujira wote. Watu wengi hupunjwa hapo bila kujua, na wengine hujihesabia kwa ujira mahali pa msingi, wakafika mbele ya msuluhishi wakaonekana wanaongeza chumvi. Sheria inaposema msingi, haihesabu posho, wala ovataimu, wala nyongeza ya kazi ya usiku au ya Jumapili.

Sasa tafuta thamani ya siku yako moja ya kazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hesabu nyingine nyingi zinasimama juu ya tarakimu hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayowahusu wafanyakazi wa sekta binafsi wa Tanzania Bara kama wewe, ina jedwali mwishoni linaloeleza namna ya kugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa wiki, wa siku na wa saa. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki. Wa wiki unagawanywa kwa idadi ya siku ambazo kwa kawaida unafanya kazi katika wiki. Wewe ulikuwa ukifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, yaani siku 6. Ukizidisha 4.333 kwa 6 unapata 26 kasoro kidogo sana. Kwa hiyo gawanya 650,000 kwa 26. Siku yako moja ni shilingi 25,000.

Karibu kila ofisi niliyowahi kuiona hupenda kugawanya kwa 30. Watakuambia mwezi una siku 30, na inaingia akilini haraka. Lakini kwa 30 siku yako inashuka hadi 21,667, na tofauti hiyo ndogo ikizidishwa kwa miaka yako inakuwa fedha ya kulipia chumba. Mwenzio anayefanya kazi siku 5 kwa wiki atagawanya kwa 21.67, na siku yake itakuwa na thamani kubwa zaidi kwa mshahara uleule. Basi usinakili hesabu ya mtu mwingine. Wakikuletea 30, waombe kwa adabu wafungue jedwali la sheria, kisha unyamaze wakisoma.

Tuanze na deni lisilo na ubishi, yaani kazi uliyokwisha kuifanya. Mshahara wa Agosti hujalipwa, wamekuambia utaingia pamoja na malipo ya mwisho. Huo ni ujira wote, 800,000. Usikubali uhesabiwe kana kwamba ni sehemu ya ukarimu wao. Ungelipwa hata kama usingeachishwa.

Halafu kuna ovataimu ya Julai. Nimeona kwenye kadi ya mahudhurio saa 18 ambazo hazimo kwenye hati ya mshahara ya mwezi ule. Wiki yenu ni saa 45 kwa siku 6, yaani saa 7 na nusu kwa siku. Gawanya 25,000 kwa 7.5 unapata 3,333 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, sawa na 5,000. Saa 18 ni 90,000. Weka nakala ya ile kadi mahali salama, maana ovataimu isiyo na karatasi ni vigumu kuidai baada ya mtu kutoka getini.

Linalofuata ni likizo. Kila mzunguko wa miezi 12 mfanyakazi ana haki ya likizo ya siku 28 mfululizo zenye malipo, na mzunguko wako unaanza kila tarehe 1 Machi kwa sababu ndiyo siku uliyoajiriwa. Tangu Machi mwaka huu umefanya nusu ya mzunguko. Sheria inasema mzunguko ukikatika katikati, unalipwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi. Miezi 6 kwa siku 26 ni siku 156. Gawanya kwa 13 unapata 12. Siku 12 kwa 25,000 ni 300,000.

Ili ujue hesabu hiyo haikuonei wala haikupendelei, ipime kwa njia nyingine. Siku 28 za likizo ni wiki 4, na ndani yake mna siku za kazi 24 ukiondoa Jumapili. Nusu yake ni 12. Zinakutana. Kinachotakiwa ni kutochanganya njia mbili. Mwajiri akitaka kuhesabu likizo kwa siku za kalenda, 14, akagawanya mshahara kwa 30, utapata karibu kilekile. Lakini akichukua siku 12 za njia ya kwanza na kuzizidisha kwa 21,667 ya njia ya pili, amekupunguzia kutoka pande mbili. Nimeliona hilo likifanywa na watu wasio na nia mbaya hata kidogo, waliorithi tu fomu ya hesabu kutoka kwa aliyewatangulia.

Bado kuna ile likizo ya mzunguko uliopita. Ulichukua siku 14, na nyingine 14 uliziomba mwezi Machi wakakuambia usubiri msimu wa kazi nyingi upite. Likizo ya zamani ina mipaka. Sheria inataka ichukuliwe ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha, au ndani ya miezi 12 mkikubaliana kwa sababu ya mahitaji ya kazi. Haikusudiwi kurundikwa mwaka hadi mwaka ije iwe akiba ya fedha. Wewe mzunguko wako uliisha mwisho wa Februari, na miezi 6 ilikuwa inaishia Agosti hii. Ulikuwa bado ndani, na fomu ya maombi ipo ikiwa na maandishi ya msimamizi ya kukuahirisha. Andika 300,000 nyingine, na fomu hiyo uibane nyuma ya ukurasa.

Sasa notisi. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi sheria inataka apewe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, ikieleza sababu na tarehe ya kukoma kwa ajira. Mwajiri anaweza kuamua kutokupa muda huo, ila alipe ujira ambao ungeupata kama ungefanya kazi kipindi chote cha notisi. Hapo ni ujira wote, posho zikiwemo. Mkataba wako, ukurasa wa 4, unataja mwezi mmoja kwa pande zote mbili. Mwezi ni mrefu kuliko siku 28, na mkataba unaruhusiwa kutoa muda mrefu kuliko ule wa sheria. Wewe ulipewa barua tarehe 31 na ukaambiwa kesho yake usije. Andika 800,000.

Na kama wangekuambia kwamba notisi yako imeshaliwa na likizo, yaani ukae nyumbani mwezi huu likizo na notisi zikatembea pamoja, ujue hilo halikubaliki. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo.

Tumefika kwenye kiinua mgongo, na hapa ndipo watu wanapoota. Wengi hudhani ni fedha kubwa ya kuanzishia maisha mapya. Kiwango cha chini cha sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo kwa mwajiri huyohuyo, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwako siku 7 kwa 25,000 ni 175,000 kwa mwaka. Mara miaka 7 ni 1,225,000. Ile miezi 6 iliyobaki haingii, ndiyo sababu nilikuambia ukumbuke neno kamili. Wangegawanya kwa 30 ungepata 1,061,667, na hapo 163,333 zingekuwa zimekwenda kimyakimya.

Kikomo hiki cha miaka 10 kinaniuma. Kiwandani nilimwandalia karatasi mzee aliyetumikia mashine moja kwa zaidi ya miaka 20, mwenye mikono iliyokwisha kuwa migumu kwa uzi, na hesabu yake ikasimama kwenye siku 70 sawasawa na ya kijana wa miaka 10. Sheria imeweka kiwango cha chini. Mkataba wa hali bora unaofungwa kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri unaweza kutoa zaidi, na mahali penye tawi imara la chama cha TUICO nimeona watu wakiondoka na zaidi. Uliza kama ofisini kwenu upo mkataba wa namna hiyo. Ukiwepo, usome kabla ya kukubali kiwango hiki cha siku 7.

Usije ukashangaa pia rafiki yako wa Nairobi akikuambia kwao ni siku 15 kwa mwaka. Ni kweli, sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema hivyo kwa anayepunguzwa kazini. Na Zanzibar wana sheria yao. Hesabu ya nchi nyingine haitakusaidia huko Mwanza ulikokuwa ukifanya kazi, hata ikiwa inapendeza zaidi.

Kiinua mgongo kina masharti, na hapa nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Hulipwa mtu aliyefikisha miezi 12 ya utumishi mfululizo, na ni lazima mwajiri ndiye awe amevunja ajira. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati. Mkataba wa muda maalumu ukimalizika wenyewe kwa tarehe yake, hakipo. Mtu anayepunguzwa akapewa kazi mbadala inayofaa akaikataa bila sababu ya maana, naye hukipoteza. Na anayejiuzulu hakipati, kwa sababu yeye ndiye aliyeondoka.

Umeniambia afisa utumishi alikuita pembeni, akakushauri uandike barua ya kujiuzulu iliyorudishwa nyuma tarehe, ili faili lako "lionekane safi" na wakuandikie barua nzuri ya utambulisho. Mwanangu, usiandike. Huenda anakupenda kweli na anadhani anakusaidia. Lakini barua hiyo ingefuta 1,225,000 za kiinua mgongo kwa kalamu yako mwenyewe. Ingefuta na notisi yao, tena wangeweza kukugeuzia kibao wadai wewe ndiye uliyeondoka bila kutoa notisi. Ingefuta pia fao la upotevu wa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Na kuhusu barua nzuri, sheria inakupa haki ya hati ya utumishi ajira inapokoma, iwe umeachishwa au umeacha. Huna haja ya kuinunua kwa haki nyingine.

Kupunguzwa kazini si doa. Barua yako inasema wazi sababu ni mahitaji ya uendeshaji wa biashara. Maneno hayo yana faida kwako kuliko faili safi, yatunze.

Deni lingine ambalo hata mawakili wengine husahau kuuliza ni la kurudishwa. Mtu akiachishwa mahali tofauti na pale alipoajiriwa, mwajiri anatakiwa amsafirishe yeye na vitu vyake hadi alikoajiriwa, au alipe gharama ya usafiri huo, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alikoajiriwa. Tena kuna fedha za kujikimu kwa siku zilizopo kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Wewe usaili ulifanyiwa hapa Morogoro, na barua ya ajira ilikukuta hapa. Nakumbuka ulikuja nayo kwangu uninyooshee kiingereza chake. Baada ya hapo ndipo ulipopelekwa Mwanza. Itafute barua ile, anwani iliyoandikwa juu yake ndiyo ushahidi wako. Nenda stendi ya Nyegezi ukaulize nauli ya basi mpaka Msamvu, na upate kwa maandishi bei ya kusafirisha kitanda, kabati na mizigo mingine. Fedha ya kujikimu iombe kwa kiwango cha siku yako ya kazi, 25,000, kwa kila siku wanayokukalisha kuanzia tarehe 1 Septemba. Sitaweka jumla hapa kwa kuwa siku bado zinahesabika, lakini mstari wake uwepo kwenye karatasi yako. Nimegundua kuwa mstari huu, ukiandikwa mapema, huharakisha sana malipo ya mingine yote.

Jumlisha sasa. Mshahara wa Agosti 800,000, ovataimu 90,000, likizo mbili 600,000, notisi 800,000, kiinua mgongo 1,225,000. Jumla 3,515,000, kabla ya kodi, na kabla ya nauli, mizigo na fedha ya kujikimu. Wao wameandika 2,400,000. Tofauti ni 1,115,000. Sisemi wamekusudia kukudhulumu, maana hawajaonyesha hesabu. Nasema tu kwamba mtu hawezi kusaini kuwa hana madai ilhali hajaonyeshwa madai yake yalikuwa yapi.

Kodi itakatwa, na hilo usiligombanie, kwani malipo ya kukoma kwa ajira ni mapato ya ajira mbele ya sheria ya kodi. Dai tu uonyeshwe kilichokatwa na kwa msingi gani. Makato mengine yana utaratibu. Nimeona katika ile karatasi wametaja kwa mwandiko wa mkono kukata bei ya viatu na redio ya mawasiliano iliyoharibika. Mwajiri hawezi kujikatia fidia ya hasara kwa kutaka tu. Lazima akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kujitetea, wewe ukubali kwa maandishi, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wako. Redio iliyokufa kwa uzee si deni lako.

NSSF iweke kwenye ukurasa wake peke yake. Ile ni mali yako iliyokwisha kuwekwa, haipo mikononi mwa mwajiri, na asikuambie kwamba kiinua mgongo kimo ndani yake. Nenda ofisi ya NSSF ukachukue taarifa ya michango, uilinganishe mwezi kwa mwezi na hati zako za mshahara. Mwezi wowote ambao ulikatwa na haukupelekwa, uandike. Wakati huohuo uliza kuhusu fao la upotevu wa ajira. Mtanzania asiyefikisha miaka 55, aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari na hajapata kazi nyingine, hupewa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Watakuomba barua ya kuachishwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuitunza ile barua.

Kuna jambo moja ambalo sitaki uliweke kwenye jumla hii. Umeniuliza kuhusu fidia ya kuachishwa isivyo halali. Mwajiri anayetaka kupunguza watu anatakiwa atoe taarifa ya kusudio mapema, atoe maelezo yanayohitajika, akae na wafanyakazi au chama chao kuzungumza sababu, njia za kuepuka upunguzaji, namna watakaoondoka wanavyochaguliwa, na malipo yao. Wewe unasema hapakuwa na kikao chochote, mliitwa watu 9 mkapewa bahasha. Kama ndivyo, una hoja nzito, na mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki ni mwajiri. Lakini fidia hiyo huamuliwa, haikokotolewi nyumbani. Ukiichanganya na haki zako za moja kwa moja utajikuta unajadiliana juu ya mshahara wa Agosti kana kwamba nao una shaka. Shika karatasi mbili. Ya kwanza ni ya madeni haya niliyokuhesabia, na haipungui hata senti. Ya pili ni ya malalamiko juu ya namna ulivyoachishwa, na hiyo ndiyo mnayoweza kuizungumza.

Utakavyofanya ni hivi. Andika barua fupi kwa mwajiri, isiyo na hasira, uombe mchanganuo wa zile 2,400,000 mstari kwa mstari, na uambatanishe mchanganuo wako. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Wakikupa fedha kwanza, zipokee ikiwa wanakubali usaini kupokea tu. Andika kwa mkono wako "nimepokea sehemu ya malipo, mengine nadai", kisha tarehe. Wakisema hakuna fedha bila kusaini ile ya kutokuwa na madai, ondoka kwa heshima. Fedha za nauli ya mjini na chakula za wiki hizi nitakutumia mimi, usisukumwe na njaa.

Wasipojibu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Ofisi ipo hapohapo Mwanza na huduma haina ada. Utajaza fomu namba 1, nakala umpelekee mwajiri na upate uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uisajili. Kwanza huwa usuluhishi, mnakaa mezani na msuluhishi, na mashauri mengi ya hesabu kama hili huishia hapo pale mtu anapokuja na karatasi zilizopangwa. Wenzako 8 waliopewa bahasha siku ile waambie pia, ila kila mmoja ahesabu kwa tarehe zake na mshahara wake. Mhesabie yule mama wa usafi aliye miongoni mwao kabla ya wote, kwa sababu yeye ndiye atakayesaini haraka.

Usisubiri ahadi za "wiki ijayo". Dai la malipo lina siku 60, lakini shauri la kupinga namna ulivyoachishwa linatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Zikipita, utahitaji kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na kusubiri ahadi ya mwajiri si sababu ya kuitegemea. Kwako siku ya 30 ni tarehe 30 Septemba, ambayo mwaka huu ni Jumamosi. Fomu iwe imepokelewa kabla ya Ijumaa tarehe 29 saa sita mchana.

Mjomba wako